Tusiyafyeke maua kabla ya kuyajua majina

Kila masika yanapofika, hutokea katika viwanja vya shule zetu jambo ambalo sisi walimu na wanafunzi tumelizoea kiasi cha kutoliona. Mvua hunyesha kwa majuma mawili matatu, ardhi iliyokuwa kavu hufunikwa na majani, na katikati ya majani hayo huchanua maua madogo madogo, ya buluu, ya manjano na meupe, mengine yasiyozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Yanapoanza tu kutembelewa na nyuki na vipepeo, kengele hulia, mafyekeo hugawanywa, na kufikia Ijumaa jioni uwanja umekwisha kunyolewa. Aliyechelewa kufika gwarideni ndiye hupewa kipande kikubwa zaidi. Hivyo basi mtoto wa Kenya hukutana na mimea ya nchi yake kwanza kabisa kama adhabu.

Nchi za kaskazini ya dunia zina majira ya kuchipua, baina ya Machi na Mei, baridi kali inapoondoka. Maua madogo ya sakafu ya msitu hufanya haraka kuchanua kabla ya miti kutoa majani na kulizuia jua. Katika majuma hayo machache si ajabu kumwona mtu mzima mwenye heshima zake amelala kifudifudi kwenye majani makavu, kamera usoni, akisubiri nyuki mmoja atue juu ya ua lisilotosha kufunika ukucha. Sisi hatuna majira ya kuchipua, ila tuna masika na tuna vuli, na siku kumi baada ya mvua za kwanza nchi hii huchanua vilevile. Isitoshe, chombo ambacho zamani kilikuwa cha wenye nacho sasa kimo mifukoni mwetu. Simu nyingi za siku hizi zaweza kumsogelea siafu hadi nywele za miguu yake zihesabike. Tunazitumia kupiga picha za harusi, za vyakula na za nyuso zetu wenyewe.

Rai yangu ni kwamba picha ya karibu ya ua dogo pamoja na mdudu aliyelizuru ni somo la sayansi na ni somo la lugha kwa wakati mmoja, na kwamba ikipigwa pasipo kutafutiwa jina, nusu ya somo hilo hupotea. Huenda mwenzangu wa idara ya biolojia akaniuliza mwanaisimu anatafuta nini kwenye nyasi. Natafuta maneno.

Chukua mfano wa mmea unaotambaa kando ya mashamba na mitaro karibu kila mahali penye unyevu humu nchini. Wakikuyu huuita mukengeria, Wajaluo huuita odielo, na wataalamu wa mimea huuita Commelina benghalensis. Wakulima huulaani, maana ukiukata vipande, vipande hivyo huota mizizi na kuendelea kana kwamba umevisaidia. Wafugaji wa sungura huushukuru. Ua lake, kwa mtu aliyesimama, ni kitone tu cha buluu. Uinamie kwa kamera, na kitone kile hugeuka jengo. Kuna petali mbili pana zilizosimama kama masikio, na ya tatu chini yake, duni, iliyofifia, ambayo ni rahisi kudhani haipo. Katikati kumeinuka vitu vya manjano vinavyong'aa ambavyo mtazamaji angeapa kwamba ni chakula cha nyuki. Kumbe kwa sehemu kubwa ni udanganyifu! Hizo ni stameni tasa, na kazi yake ni kumvuta mgeni. Ua hili halina mbochi hata tone. Humwalika nyuki kwa sahani iliyopakwa rangi ya chakula, huku stameni zenye chavua ya kweli zikiwa zimejitokeza upande wa chini, zikimsubiri atue ili zimpake mwilini.

Hayo ni ya juu ya ardhi. Chini ya udongo mmea uo huo una maua mengine yasiyofunguka kamwe, ambayo hujichavusha yenyewe gizani na kuzaa mbegu pasipo kumtegemea mdudu yeyote. Ndiyo sababu mkulima huung'oa leo akaukuta tena baada ya mvua. Maua hayo kamera haitayaonyesha bila msaada wa jembe.

Jina la Kilatini la mmea huu lina kisa. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa kuvipa viumbe majina ya kisayansi, alieleza mwaka 1737 kwamba ukoo wa Commelin wa Uholanzi ulikuwa na wataalamu watatu wa mimea. Wawili walipata sifa, na wa tatu alifariki kabla ya kutimiza jambo kubwa. Akaona petali mbili kubwa na moja hafifu zinawawakilisha barabara. Kwa hivyo kila mtoto wa Nyeri au wa Siaya anayewakatia sungura wake majani haya ameshika mkononi utani kuhusu familia ya Kiholanzi. Sina ugomvi na Linnaeus. Ninachotaka tukione ni kwamba asingetoa jina hilo kama hangeitazama petali ya tatu. Jina zuri huzaliwa na jicho lililokaribia.

Waswahili nao walikaribia. Mmea unaong'ang'ania sketi na suruali za watoto wanaokatiza makondeni huitwa kishona nguo. Kisayansi huitwa Bidens pilosa, na neno hilo la kwanza maana yake ni mwenye meno mawili. Mmoja aliziona mbegu zile na ncha zake akafikiria meno, mwingine akafikiria sindano, na wote wawili walikuwa wamezitazama mbegu zile zile. Asili ya mmea huu ni bara la Amerika, lakini jina ni letu, tumelitunga wenyewe kwa kuona. Na ukilisogelea ua lake, utagundua kwamba kile tunachokiita ua si ua moja bali ni baraza zima. Ule mduara wa njano wa katikati ni makumi ya maua madogo yaliyobanana, kila moja na chavua yake. Kuna pia kifauongo, ule mmea ambao ukiuguswa majani yake hujikunja kana kwamba umekufa. Hebu nionyesheni lugha iliyosema jambo hilo kwa silabi chache zaidi.

Hata hivyo hazina hii inavuja. Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu jina la ua la buluu lililo karibu na bomba la maji shuleni mwake, naye, kama ni wa mjini, atakujibu kwamba ni gugu, au kwamba ni majani ya sungura. Mwulize jina la kiumbe kilichotua juu yake, atasema ni mdudu. Neno mdudu limebebeshwa mzigo usio wake, kwani nyigu ni mdudu, buibui ni mdudu, mnyoo ni mdudu, hata kidonda kikioza tunasema kimeingia wadudu. Kiswahili kina mbawakawa, nondo, kereng'ende, panzi, vunjajungu, bunzi, nyenje na vidukari. Maneno hayo yamo kamusini yakiwa salama, kama vyombo vya arusi vilivyofungiwa kabatini. (Kwa wanaopenda sarufi, udogo wa ua ni kijiua wala si kiua, kwa kuwa shina la silabi chache hudai kiji-. Hicho kiua kingeweza kudhaniwa kwamba kinaua watu.)

Muhula mmoja niliwaomba wanafunzi wangu wa isimu, walipokuwa wakienda likizo, kila mmoja apige picha za maua madogo ya kwao kwa simu, kisha awaulize wazee majina yake. Nilitarajia kwamba baadhi ya wazee wangekuwa wamesahau. Sikutarajia lililotokea. Msichana mmoja alimwonyesha nyanya yake picha nzuri kupita kiasi, ua likiwa limejaa kioo kizima, na nyanya akasema kwamba ua la aina hiyo hajaliona maishani mwake. Walipotoka nje na msichana akauonyesha mmea wenyewe ukutani mwa zizi, ajuza yule alilitaja jina papo hapo, akaeleza ni mifugo gani huula na ni nani katika ukoo aliyekuwa akiuchemsha. Picha ilikuwa imelikuza ua hadi likatoka katika dunia ambamo jina lake linaishi. Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba picha ya karibu isiende peke yake. Ifuatwe na ya pili, ya hatua moja nyuma, yenye mmea mzima na mkono wa mtu au sarafu ya shilingi kando yake, ili ukubwa ujulikane.

Tusidhani kwamba kazi hii ni ya maprofesa. Aliyefumbua siri ya wadudu na maua alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Christian Konrad Sprengel aliongoza shule huko Spandau, karibu na Berlin. Mwaka 1787 alizingatia vinywele vilivyo kwenye petali za ua moja la mwituni, akajiuliza ni vya kazi gani. Alihisi kwamba vinaukinga mbochi usiharibiwe na mvua. Mwaka uliofuata alitazama ua jingine dogo la buluu lenye pete ya njano mdomoni, akawaza kwamba huenda pete ile ni kibao cha kumwelekeza mdudu mahali penye utamu. Alikaa makondeni kwa saa nyingi akingoja wageni wafike. Mwaka 1793 alichapisha kitabu chenye michoro mingi kilichoeleza jinsi wadudu wanavyoyachavusha maua. Wakubwa wa zama zake hawakukithamini, naye mwaka 1794 akaondoka katika uongozi wa shule baada ya mivutano. Zaidi ya miaka arubaini baadaye Charles Darwin alikisoma, akakisifu, na jina la mwalimu yule likafufuka. Leo tunajua kwamba maua mengi yana alama kama ile pete ambazo sisi hatuzioni kabisa, kwa kuwa zimo katika miale ya urujuanimno ambayo macho ya nyuki huipokea na yetu hayaipokei.

Mwingine ni Karl Blossfeldt, naye Mjerumani, aliyefundisha sanaa mjini Berlin kwa takribani miaka thelathini. Aliunda kamera yake mwenyewe, akaokota mimea kando ya barabara na reli, mimea ambayo mtu mwingine angeikanyaga, akaipiga picha kwa kuikuza hata mara 45 ili wanafunzi wake waone maumbo. Hakuwa na haja ya umaarufu. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 63, ndipo dunia ilipostaajabu. Namheshimu, lakini nikitakiwa kuchagua mwalimu wa kuigwa, nitamchagua yule wa kwanza. Blossfeldt aliukata mmea akauweka mbele ya karatasi tupu, na mbele ya karatasi tupu hapana mdudu atakayetua. Sprengel aliliacha ua mahali pake, akasubiri.

Kusubiri huko ndiko kunakokosekana katika picha nyingi nzuri. Wapo hata wapigaji wanaomtia mdudu ndani ya jokofu ili apooze, au kumgandisha kwa gundi juu ya ua alilokuwa hajawahi kulizuru, kisha wakaituza picha hiyo kana kwamba ni ushahidi. Huo ni uongo. Mwenye subira hahitaji hila hizo. Asubuhi na mapema, kungali na baridi, wadudu huwa wazito kwa sababu joto la miili yao hutegemea la hewa, na nyuki aliyelala ndani ya ua atakuacha umkaribie utakavyo. Upepo ndio adui mkubwa, na gamba la daftari likishikwa upande unakotoka upepo hutosha. Yafaa pia kujua kwamba kadiri unavyosogea ndivyo sehemu iliyo wazi ya picha inavyokuwa nyembamba, pengine milimita moja tu, kiasi kwamba jicho la nzi huonekana sawasawa na bawa lake likabaki ukungu. Basi yalenge macho.

Macho ndiyo yatakayokufumbulia mambo. Karibu na vichaka vyetu huruka kijidudu chenye mistari ya njano na nyeusi, na watoto hukikimbia wakidhani ni nyigu. Kipige picha ya karibu uhesabu mabawa. Nyigu na nyuki wana mabawa manne, huyu ana mawili. Macho yake makubwa yamechukua karibu kichwa chote na vipapasio vyake ni vifupi mno. Huyu ni nzi aliyevaa nguo za askari ili asiguswe, hana mwiba wowote. Funza wa aina nyingi za nzi hawa huwala vidukari wanaofyonza sukuma wiki na kunde za mama zetu. Mkulima anayempulizia dawa akidhani ni adui amemwua kibarua wake asiyedai mshahara. Nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa naye huchukiwa, ilhali ndiye hodari wa kuchavusha maua ya karakara, na bila yake wenye mashamba ya tunda hilo hulazimika kuyachavusha kwa mkono. Na ukikuta kipepeo ametulia juu ya ua kwa muda mrefu kupita kawaida, sogeza lenzi utazame chini yake. Huenda ameshikwa na buibui anayevizia humo humo ndani ya petali, na aina nyingine za buibui huyo huweza kujigeuza rangi kati ya nyeupe na njano kwa muda wa siku kadhaa ili zifanane na ua.

Simaanishi kwamba kila kilicho kidogo na kizuri ni rafiki. Kayongo, gugu linaloyaangamiza mahindi na mtama magharibi mwa Kenya, lina ua la zambarau hafifu linalopendeza kwenye picha kuliko mengi niliyoyataja. Mizizi yake hujipachika kwenye mizizi ya nafaka na kuinyonya, na mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu zinazoweza kungoja udongoni miaka mingi. Hilo ling'olewe kabla halijachanua. Lakini aling'oaye lazima alitambue, na ukataji wa kila kitu kwa fyekeo haumfundishi mtoto kutofautisha.

Kuna watakaosema kwamba jina la Kiswahili si lazima siku hizi, kwa kuwa zipo programu kama iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambazo ukizipa picha hukukisia jina la kisayansi. Ni chombo kizuri nami nakipendekeza. Ila programu haiwezi kukuambia ambacho hakuna aliyeiambia. Profesa John Kokwaro alipochapisha kamusi ya mimea ya Kijaluo na Kiingereza mwaka 1972, alitangulia kuyaokoa majina ambayo mashine yoyote leo ingeyahitaji. Nani anayafanyia hivyo maua madogo ya Kitaita, ya Kipokomo, ya Kitharaka? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Nadhani kazi hiyo yaweza kuanzia kwenye daftari la mtoto wa gredi ya nne. Kwa upande wa istilahi hatuna kisingizio. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na neno chavua limo. Mbochi ni neno kongwe zaidi, nami sioni kwa nini vitabu vyetu vipendelee nekta.

Pingamizi lenye uzito ni la vifaa. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na wazazi wamechoshwa na mtaala wa umilisi kwa jinsi unavyowatuma kila uchao kuchapisha picha za kazi za watoto kwa gharama yao. Nawaunga mkono. Picha hizi zisichapishwe. Simu moja, ya mwalimu, yatosha darasa zima: kikundi kitafute ua, mwalimu apige picha mbili, kisha kila mtoto achore alichokiona kwa penseli, aandike saa, aandike nani alitua na alikaa muda gani, na jioni awaulize wa nyumbani jina. Michoro ya penseli ndiyo iliyomtosha Sprengel.

Kwa walimu wakuu ninaloomba ni dogo. Kila shule itenge kona moja ya kiwanja, hata kama ni hatua kumi kwa kumi, isifyekwe kutoka mvua za kwanza hadi mwisho wa muhula. Nyoka ndiye atakayetajwa kwanza, kwa hivyo kona iwe mbali na mabweni na njia kuzunguka kona hiyo ifyekwe vizuri. Adhabu za kufyeka, kama hazina budi kuwapo, zifanyiwe kwingine.

Na atakayeandaa ratiba azingatie jambo moja. Tumezoea kuweka masomo ya nje baada ya chakula cha mchana, ilhali ua la mukengeria hufunguka asubuhi, na kufikia adhuhuri limekwisha kunywea likawa kama kitambaa cha buluu kilicholowa. Somo hili liwe kipindi cha kwanza.